Barua ya Masale

Kirusi nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi chakavu na redio, kwa sababu wapanda mlima wa lugha hiyo walikosa mtu wa kuzungumza nao. Ndivyo nilivyompata mgeni wangu, mama mstaafu ambaye goti lilimrudisha Marangu kabla ya kufika kileleni. Nilimfuata huko, akakaa kwetu Uru wiki moja. Kwao, katika nchi iliyotoka kwenye Umoja wa Kisovieti, alifanya kazi idara ya usalama wa taifa, akichambua taarifa mezani.

Wiki hiyo nilikuwa nimeandika barua ya kumshtaki mdogo wangu. Siku niliyokwenda Marangu, masale matatu, mimea ya mpaka kati ya kihamba changu, yaani shamba la urithi, na cha mdogo wangu, yalitoweka, pale penye mfereji. Kwetu anayeng'oa sale la mpaka ameng'oa undugu. Barua ingesomwa Jumapili mbele ya ukoo, na baada ya hapo mimi na mdogo wangu tusingekunywa tena pombe ya mbege pamoja.

Nilimsomea mgeni kwa Kirusi, kwa fahari kidogo.

"Nani aliona?" akauliza.

"Hakuna, mama. Lakini anajulikana. Ana tamaa tangu utoto."

"Idara ya zamani iliishi kwa hilo 'anajulikana'. Jirani anaandika, ofisa anagonga muhuri, mtu haonekani tena."

Idara yake, alisema, ilijengwa upya na watu waliosoma mafaili ya ile ya zamani wakaona aibu. Taarifa yake ya kwanza mkuu wake aliirudisha mara nne, mpaka kila sentensi ikaonyesha nani aliona, na akiwa wapi. Sijawahi kusikia kazi ya siri ikielezwa kwa unyofu namna ile.

Akanipa penseli. "Kata usichokijua."

Nilikata. Ilibaki sentensi moja: masale hayapo.

"Twende tukaone kama hata hiyo ni kweli."

Aliteremka kwa fimbo, goti likimuuma. Masale yalikuwepo, nyuma ya migomba, yamepandwa upya hatua moja ndani ya shamba la mdogo wangu. Mimi nilikuwa nimetazama kutoka upande wangu tu.

Nilichuma jani la sale, nikalifunga fundo kama anavyofanya mwomba msamaha, nikaenda kwa mdogo wangu.

"Kaka, sale la nini? Umeua mtu?"

"Nilikaribia. Kwa kalamu, kwenye barua ya kukushtaki. Yale ya mpakani uliyahamisha wewe?"

"Siku ya kusafisha mfereji, ambayo hukuja, wanakijiji waliupanua, ukala hatua moja ya shamba lako. Nikakupa yangu. Nilidhani umeona, wewe unayeona kila kitu."

Akaomba barua. Nilimpa ileile; mistari ya penseli haikuficha neno hata moja. Aliisoma yote, polepole, bila kuniangalia. Kisha akalichukua jani kwa mikono miwili, akalichomeka juu ya mlango wake.