Udi Uliomkaba Mjukuu Wangu

Udi siutaki tena, nnasema mapema. Harufu yake ikinijia kutoka kwa jirani, mate yananijaa kwa kinyaa. Na mie ndo mtaa mzima walokuwa wakija kuniomba udi wa arusi, nnaupika kwa sukari na marashi mpaka vidole vinagandana.

Mjukuu wangu ana pumu. Mamake yuko kazini hotelini Kendwa, nnamlea mie. Skuli walimkataza mbio mpaka alete karatasi ya daktari, na huyu mtoto anapenda mbio kuliko chakula. Tukaambiwa twende hospitali akapimwe pumzi. Nkaona mtoto haendi mbele za watu ananuka jasho. Nkamfukiza yeye, nguo zake, na ushungi wake. Alitoka ananukia kama biharusi.

Kule kuna bomba la kupulizia. Nlivyoliona nkauliza, wangapi washalitia mate? Binti wa vipimo akacheka, akalivisha mdomo mpya wa karatasi. Akamwambia mtoto avute pumzi, kisha apulize kwa nguvu asiache. Mtoto akapuliza kidogo, kikohozi kikamshika, kohozi likatua kwenye buibui langu. Zito, la manjano. Nkalifuta uso nimeugeuzia ukutani. Mara tatu alirudia, na mstari kwenye kompyuta ukawa unaanguka tu.

Binti akainama, akaunusa ushungi. Mie nkachekelea, nkamwambia huo nimeupika mwenyewe, nikuletee?

"Bibi, huu ndo unaomkaba."

Akanieleza njia za pumzi za mtoto zina hasira, zikiguswa na moshi au harufu kali zinajikunja. Nkamjibu sisi tumefukizwa tangu uchanga na wala hatujafa. Hakubishana. Akamvua ushungi, akampa dawa ya kuvuta kwa kichupa cha plastiki, tukangoja robo saa. Alipopuliza tena, mstari ukapanda.

Ndo mtoto akaninong'oneza, "Bibi, kila ukinfukiza kifua kinanibana. Nliona haya kukwambia, maana unafurahi."

Wallahi, lile kohozi halikunitia kinyaa kama nlivyojionea mwenyewe.

Karatasi siku ile hakupewa, aliambiwa arudi baada ya mwezi. Nlivyofika nyumbani chetezo changu cha kufukizia nkakitupa jaani, na udi wote, na kopo lake. Arusini sasa nnakwenda nnanuka sabuni ya mche, wanawake wananikunjia pua, nawakunje.

Mwezi ulipotimia tulikwenda kwa miguu, jua kali, tunanuka jasho wote wawili. Karatasi akaipata.