Dirisha la I Mpaka P

Mwongeli Ndunda ametunza mafaili hospitalini kwetu hapa Machakos miaka kumi na tisa. Alibakisha miezi minane tu astaafu, na alichotaka ni kuagwa kwa heshima, basi. Mimi nagawa dawa mlango wa pili, kwa hivyo haya niliyaona mwenyewe.

Seva yetu ya pekee, kompyuta inayohifadhi mafaili yote, ilizimika siku mbili, wakubwa wakamleta Tracy Simiyu, mtaalamu kutoka Syokimau. Akasema tununue tatu, tugawe mafaili yote, ya wagonjwa na ya wafanyakazi, kwa herufi ya jina la mwisho: A mpaka H, I mpaka P, Q mpaka Z, kila seva na dirisha lake. Gharama ingepanda mara tatu, lakini foleni zingekuwa fupi, na seva moja ikifa mbili zinaendelea. Zikanunuliwa, akajaribu kwa faili la majaribio lenye jina lake, Simiyu. Faili likafunguka papo hapo. Wakubwa wakapiga makofi.

"Wewe mtoto," Mwongeli akamwambia, "hapa sisi ni kina Kyalo, Mulwa, Mutunga, Ndunda. Gawanya na namba ya mwisho ya kadi."

"Auntie, tulia, mashine itajipanga."

Haya, ikajipanga! Foleni ya dirisha la pili ilifika langoni. Mwongeli, kwa sababu ya mdomo wake, alipelekwa la tatu, akakaa siku nzima akingoja Wambua mmoja augue. Seva ya pili ilipokufa, ripoti ikasema theluthi mbili za mfumo ziko salama. Jamani, salama na nani ndani?

Mwisho wa mwezi wakubwa wakahesabu. Dirisha la pili lilihudumia watu mia tisa, la Mwongeli kumi na wanne. Wakaamua mhudumu wa dirisha la tatu ni mzigo, aachishwe kazi. Nilikasirika mpaka nikamwaga vidonge.

Lakini barua ya kumwachisha kazi lazima itoke kwenye faili lake, na Ndunda iko seva ya pili, ambayo haifunguki. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, Mwongeli akaendelea kuja kazini. Nikaanza kuomba hiyo mashine isipone.

Jumatatu Tracy akatangaza wazo lake jipya: mafaili yote, hata ya seva ya pili aliyoyaokoa, yagawanywe kwa namba ya mwisho ya kadi. Akapigiwa makofi tena. Na kweli, foleni iliisha kabla ya saa nne.

Barua ya Mwongeli ilitoka asubuhi hiyo hiyo, hata chai hajamaliza.