Bupe na Masanduku ya Watu

Wewe ukisikia jirani anasafiri, unamwuliza anakwenda kuona nini, au unakimbia kumtafutia mzigo?

Dada Bupe, jirani yangu hapa Silver Spring, Marekani, amefanya kazi miaka sita katika ofisi ya watalii. Kazi yake ni simu. Anawasimulia Wamarekani wenye pesa pwani ya Uskoti: nguzo ya mwamba mwekundu iliyosimama peke yake baharini, ndefu kuliko ghorofa lolote la hapa kwetu, kisiwa cha Staffa, ambako mawe yamesimama kama penseli zilizofungwa pamoja, na pango ambamo mawimbi hunguruma. Hajawahi kuyaona. Mwaka huu wa 1998 bosi amempa nafasi moja katika safari ya boti ya visiwani huko, siku saba. Boti ni ndogo, kwa hiyo begi moja tu.

Habari ikavuja. Jumapili mchana sebule yake ilijaa wenzetu wa Afrika Mashariki, hata wenye digrii na kompyuta, kila mmoja na furushi. Kwao msafiri ni posta yenye miguu.

Nassor, mwenye duka la nyama Lanham, aliburuta sanduku zima. "Bi Bupe, viatu hivi vya mwanangu. Yuko Leicester, Uingereza."

"Kaka Nassor, mimi nashukia Glasgow, halafu visiwani."

"Si malkia yuleyule? Panda treni mara moja."

Gitau, dereva wa teksi, naye alikuwa na lake la London. "Na hizo mawe, kuna mtu unajua huko?"

"Hakuna."

"Sasa nani atakupokea?"

"Mawe," akajibu Nassor. Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Kufikia saa kumi, masanduku yalikuwa matano, na safari ya visiwani imekuwa safari ya treni. Bupe aliandika jina la mpokeaji juu ya kila moja.

"Kataa, dada," nikamwambia walipoondoka.

"Watasema naringa."

Miaka sita ya hamu, halafu mtu anashindwa na neno hilo. Nilimdharau, sifichi.

Asubuhi iliyofuata nilikuja na gari kumpeleka uwanja wa ndege. Tulipakia yote matano. "Tupitie Lanham," akasema.

Nassor alikuwa anafungua duka. Bupe alishusha masanduku, akayapanga mlangoni, majina yakitazama barabara.

"Bi Bupe, vipi tena?"

"Nimechelewa, kaka. Mawe yananisubiri."

Akarudi garini, begi lake dogo mapajani. Nassor alibaki na funguo mkononi, akisoma jina la mwanawe.