Neno la Siri Kwenye Fonie

Leo ninalinda kompyuta za watu, lakini kazi hii niliianza wakati wa vita, Butembo, kwenye fonie ya mfanyabiashara mmoja. Ilikuwa redio ya mawasiliano ambayo yeyote mwenye mashine kama hiyo angeweza kuisikiliza. Ndiyo maana kila siku mwenzangu aliyeshika redio mjini Beni alinitajia kwanza neno la siri la siku hiyo, ndipo nikauamini ujumbe wake.

Mchana mmoja, sauti kama yake ilisema barabara ni salama, lori la tajiri wangu litoke. Neno ililitaja sawasawa. Dereva akawasha injini. Hapo nikashtuka: neno hilo tulikuwa tumeshalitaja hewani asubuhi.

“Kwenye ndoa ya dada yangu ulikaa na nani?” nikauliza.

“Maulizo gani hiyo? Tuma gari!”

“Jibu kwanza, ndugu yangu.”

Sauti ikarudia tu neno la siri.

“Lakini we binti, neno si amesema?” tajiri wangu akafoka.

“Papa, hata mwizi anaweza kusema ile neno. Ni sisi wenyewe tulitangaza.”

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye wa kushukiwa, kisha akaamuru injini izimwe. Jioni mwenzangu wa Beni mwenyewe alipopatikana hewani alijibu swali langu bila kusita, akaapa kwamba mchana hakuigusa redio.