Gitaa Lililomwagiwa Mafuta

Ukiuliza Syprose ni nani pale Boito, nawe utaulizwa: yule wa gitaa? Ndiye huyo. Miaka ishirini na sita alichuma majani chai kwa mikono, mpaka shamba kubwa likaleta mashine za kuchumia, yeye na wenzake wakarudishwa nyumbani. Siku hizi anachumia wenye mashamba madogo wakimwita. Lakini hakuna anayemtambua kwa kikapu. Anatambuliwa kwa gitaa.

Gitaa hilo lilitengenezwa na baba yake, mzee Oyoo, aliyetoka kule ziwani akiwa kijana akaja kuwa seremala wa kiwanda. Zamani hizo chai ilisafirishwa kwa masanduku ya mbao nyembamba za tabaka, kabla ya haya magunia ya karatasi. Masanduku mabovu yalitupwa, na Oyoo akaokota mawili. La kwanza alilipasua akaunda gitaa. La pili alilitia bawaba, akalipeleka kanisani liwekwe vitabu vya nyimbo, na mpaka leo liko huko, namba za kiwanda ubavuni. Gitaa hakulipaka vanishi. "Vanishi inaziba koo," alimwambia binti yake. "Hii mbao iache ipumue."

Basi Syprose alilipiga kila mahali. Jumapili, kanisani. Siku ya soko, Litein, kwenye veranda ya duka la mbegu. Na huko Litein alikuwa na wimbo wake mmoja, wimbo wa mashine. Ndani yake anawataja wanawake walioachishwa kazi, mmoja mmoja. Mongina, ambaye vidole vyake havikunjiki tena. Marcella, aliyepata habari akiwa na kikapu kimejaa mgongoni. Cherotich, aliyeuliza kama mashine nayo itaugua malaria. Ni wimbo wa kuchezeka, hakuna ubishi. Wanawake wenyewe ndio wanaoucheza kuliko wote, kila mmoja akingoja jina lake lifike.

Mwaka jana kwaya ya kanisa ikapata mwalimu mpya, Calvince, mtoto wa Dolphine wa pale pale laini, kwenye nyumba za wachuma chai. Alikuwa amerudi kutoka chuoni na kinanda na madaftari mawili. Daftari moja aliliandika nje, Nyimbo za Maana. La pili, Nyimbo za Mitaani. Akaketi na kwaya akaanza kugawa nyimbo, hii huku, ile kule, kama mtu anayechambua maharagwe.

"Mwalimu," Syprose akamwuliza, "ule wangu wa mashine umeutia wapi?"

"Mama, ule si wa maana. Ule ni wa kurukaruka."

"Unataja watu walioachishwa kazi."

"Ndiyo, lakini unachezewa sokoni. Muziki wa maana unaandikwa, una noti, watu wanatulia wanausikiliza."

"Wewe ulitulia na muziki kama huu," Syprose akasema. "Mama yako alikuwa anakulaza kando ya shamba, kwa koti. Ukilia tu, mimi nakuja na hii gita wakati wa chai. Hukuuliza noti."

Kwaya nzima ikacheka. Calvince hakucheka. Kwaya ilikuwa inajitayarisha kwa mashindano ya Bomet, na gitaa walilihitaji, kwa vile nusu ya waimbaji hawakuwa wamezoea kuanza wimbo bila hilo. Akasema basi, gitaa litaingia, lakini kwanza liombewe, maana limekaa sana na nyimbo za dunia. Syprose alimeza hasira. Alidhani ni kuwekewa mikono tu, watu waseme amina waende nyumbani. Akaliacha kanisani Alhamisi, akaenda kuchuma.

Jumamosi saa tisa alipita kulichukua, akiwa na Cherotich, wote bado na vikapu. Gitaa lilikuwa limelazwa juu ya meza, uso juu, linang'aa. Syprose aliliinua na mikono yake ikateleza. Akalinusa. Yalikuwa mafuta ya kupikia. Mbao isiyo na vanishi ilikuwa imeyanywa yote, imekuwa nyeusi kuanzia tundu mpaka chini, na tabaka zake zimeanza kuachana. Akagusa uzi. Ilitoka sauti kama ya mtu anayegonga unga ndani ya gunia.

"Tuliliweka wakfu," Calvince alisema. "Kamati ilikubali."

"Mlimwaga kiasi gani?"

"Nusu lita. Tulitaka ifike kila mahali."

Cherotich akachungulia. "Nyar Oyoo," akasema, akimwita binti wa Oyoo kama walivyozoea, "hawa walitaka kuombea hii kitu ama walitaka kuikaanga?"

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Mama, tulifanya kwa nia nzuri," Calvince akasema. "Na hata hivyo, kinanda kipo."

Hata hivyo, kinanda kipo. Mtu anaua kitu kilichokufundisha kusimama, kisha anakuonyesha kiti. Na kosa lake lilikuwa lipi hilo gitaa? Kwamba watu walifurahi mbele yake. Lingepigwa vibaya, watu wakalala usingizi, pengine lingeandikwa daftari la kwanza.

Syprose alilirudisha gitaa mezani. Alitazama huku na huku, na macho yake yakatua kwenye lile sanduku la baba yake, pale pembeni, limejaa vitabu. Akalifuata. Akatoa vitabu kwa mafungu, akavipanga juu ya kinanda, taratibu, mpaka cha mwisho. Kisha akaligonga ubavu kwa kidole akasikiliza.

"Mama, hilo ni sanduku la kanisa."

"Ni la Oyoo. Aliliokota siku moja na hii gita, jalala moja. Sasa niambie wewe uliyesoma: hili ni la maana ama ni la mtaani?"

Calvince alitazama namba za kiwanda. Akatazama gitaa. "Vitabu vitakaa wapi?" akauliza.

"Vya maana havikosi mahali."

Akajitwika sanduku kichwani, Cherotich akabeba gitaa, wakateremka.

Ilimchukua wiki mbili kuondoa uso ule na kuweka mwingine, kwa msumeno wa baba yake. Sauti haikurudi ile ya zamani. Sasa lina ukali kidogo, na kando ya tundu unaweza kuzisoma namba za kiwanda. Samahani hajaombwa mpaka leo. Kwaya ilienda Bomet na kinanda. Yeye hakuuliza ilikuwaje.

Siku ya soko iliyofuata alikaa pale pale Litein, veranda ya duka la mbegu, akapiga wimbo wa mashine. Likafika jina la Mongina, akacheza. Marcella akacheza. Baada ya jina la Cherotich, kukaja ubeti mpya, wa mwalimu Calvince na nusu lita yake, na veranda yote ikalia kwa kicheko. Aliyecheza kuliko wote ni Dolphine, mama wa Calvince mwenyewe, leso kiunoni.

Siku hizi ubeti huo unaimbwa hata kwenye kituo cha kupimia majani, watu wakingoja lori. Calvince bado anasema huo si muziki wa maana. Lakini mara mbili sasa amemtuma mama yake kwa Syprose, amwombe tafadhali jina lake litolewe.

Syprose amekataa mara zote mbili.