Jumlisha Iliyopotea Njiani

Pale ofisini walimwita Shangazi, maana alijifunza kuandika programu akiwa na miaka arobaini na saba, baada ya kupiga taipu nusu ya maisha yake, na wenzake wa meza moja walikuwa rika la watoto wa kaka yake. Hakujali. Alikuwa ameipenda lugha yao ya kompyuta, ile ambayo kila funksheni, yaani kipande cha programu chenye kazi yake moja, ni kama mtu mwenye adabu: unampa kitu, anakurudishia kitu, wala hagusi vya wenzake.

Kazi aliyojivunia ilikuwa ukurasa wa kutafuta wachangiaji damu. Muuguzi akishachagua kundi la damu na mtaa, funksheni ya Shangazi iliyaunganisha yale majibu na kuyapachika mwishoni mwa anwani ya tovuti, baada ya alama ya kuuliza, ili kompyuta inayotunza majina ijue imeombwa nini. Kila jibu lilipaswa kupitia kwanza funksheni nyingine, ya kugeuza alama zinazoweza kusomwa vingine huko ziendako. Mtaa aliupitisha. Kundi la damu akaliacha. "Vialama viwili tu hivi," alijisemea, "vitamdhuru nani?" Akajaribu kwa kundi lake mwenyewe, A-, yakaja majina kumi na moja. Bosi akampongeza, wakanywa soda.

Wiki ya pili, saa nne asubuhi, simu ikalia. Alikuwa Sista, muuguzi wa wodi ya wazazi, ambaye ofisi nzima ilimkimbia kwa malalamiko yake: mara herufi ndogo, mara rangi inamuumiza macho. Shangazi akashusha pumzi kabla ya kupokea. Wahenga walishaonya, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

"Shangazi, eti mji mzima hakuna mtu wa B+?"

"Kama kompyuta imesema hakuna, Sista, labda kweli..."

"Labda kweli nini? Mimi ni B+. Nilijiandikisha kwa mkono wangu huu. Nimejitafuta, sijioni. Au nimekufa hamjaniambia?" Kisha sauti ikashuka. "Kuna binti hapa amejifungua, damu inamtoka. Kabatini hakuna inayomfaa. Chupa ya kwanza natoa mimi, sasa hivi. Anahitaji tatu."

Shangazi akaifungua ile anwani, na pale mwishoni jumlisha ilikuwa imekaa vilevile, haijageuzwa. Na jumlisha ya namna hiyo, mahali pale, husomwa kuwa nafasi tupu. Kompyuta ilikuwa inamtafuta mtu wa B na hewa, na mtu huyo hajazaliwa. A- ilipita salama kwa sababu kistari hakina neno. Wenye jumlisha, yaani karibu watu wote, walikuwa wamefutika.

"Usikate simu," alisema. Akalipitisha kundi la damu kule lilikostahili kupita tangu mwanzo, mstari mmoja tu, akajaribu kwa B+ safari hii, akaiachia programu ianze kutumika. "Jitafute tena, Sista."

Sista akasikika akibofya upande wa pili. Kisha: "Nimejiona. Na wenzangu thelathini na wanane." Simu ikakatwa.

Shangazi hakula mchana ule. Saa tisa Sista akapiga tena. Walikuwa wamefika wachangiaji wawili, mmoja wao kinyozi aliyemwacha mteja kanyolewa upande mmoja. Yule binti amefumbua macho, ameomba chai. Shangazi akalia palepale mezani, mbele ya vijana wote, bila haya.

"Sista, kosa lilikuwa langu. Nilifanya uvivu. Ahsante, ahsante sana, sijui hata niseme nini."

"Najua lilikuwa lako," Sista akasema. "Ndiyo maana nilikupigia wewe. Ningempigia bosi wako, mngeita kikao kwanza."