Mashua Moja na Baba Mkwe

Nasema wazi: safari ile ilichelewa kwa sababu ya kahawa, na mpaka leo sijamsamehe mume wangu sawasawa. Baba yake aliomba kitu kimoja tu. Daktari alimwambia presha ya macho imeshaharibu, hakuna dawa ya kurudisha, na mzee akarudi nyumbani Hasamba, akakaa kwenye kigoda chake, akasema, "Nipelekeni nikaone ziwa lenye mashua za matanga, kabla giza halijafunga." Hakuwahi kuliona. Mtu wa vilimani, maisha yake yote ni kahawa na mahindi. Mume wangu akamjibu, "Tumalize kuchuma kwanza, baba." Tukachuma. Tukamenya, tukaosha, tukaanika. Tunamaliza, mzee anaona mwanga na kivuli, basi.

Tulikwenda wanne, kwa Noah ya kuazima: mume wangu usukani, mzee pembeni yake, mama mkwe kiti cha katikati, na mimi nyuma kabisa na ndoo ya chakula. Nafasi mbele zilikuwepo. Ila kwenye ukoo wa mume wangu, mke wa mtoto na baba mkwe hawakai pamoja, hawatazamani usoni, hawasemezani moja kwa moja. Majirani wengi wameshaacha mambo hayo, wanabanana benchi moja kanisani na dunia haijaisha. Mimi nimezaliwa Chapwa, mjini Tunduma, kwenye kelele za mpakani, ambako unamsalimia hata usiyemjua, na nilipoolewa niliona ni vichekesho. Kisha nikazoea. Miaka kumi na moja, nikimsikia anakuja, napinda kona. Chai ikiiva nasema, "Mwambie babu chai tayari," na kama hakuna mtoto karibu, naliambia jiko. Naye analijibu zizi: "Waambie nimesikia."

Tulipoteremka kutoka Tukuyu joto likatupokea, mama mkwe akavua sweta mbili. Ziwa Nyasa lilikuwa limejaa watu wa mapumziko, muziki, watoto wanarushiana maji. Tukala samaki, mume wangu akala watatu peke yake. Halafu tukaenda kwa baba mmoja wa makamo aliyekuwa akitembeza wageni kwa mashua yake.

"Nataka watu watatu," alisema. "Kwa upepo huu chombo kikiwa chepesi kinachezacheza. Na naenda mara moja tu, huko mbele unazidi kukaza."

Mama mkwe akatikisa kichwa. "Mimi maji ninayoyajua ni ya kwenye ndoo. Sipandi ng'o." Akakaa mchangani kabisa, asije akavutwa.

Nikabaki mimi. Mzee akaelewa haraka kuliko sisi wote. Akamwambia mwanawe, "Basi, tuache. Nimesikia maji, inatosha."

Inatosha wapi! Nilitaka kupiga kelele. Mzee amekaa saa tano barabarani, amevaa koti lake la kanisani, halafu azuiwe na mimi? Mama mkwe ndiye aliyekuja na akili. Akafungua kitenge chake cha juu, akanipa. "Kishike mbele yako, jikinge. Nani atasema mmekaa pamoja?" Wote tukaona ni busara kubwa. Wakulima wanne wazima, wala hakuna aliyejiuliza kitenge kilichonyooshwa kwenye upepo kinakuwa nini.

Mzee akaketishwa mbele, mgongo kwangu, mume wangu katikati, mimi nyuma karibu na mwenye mashua, mikono juu nimetandaza kitenge. Tulipotoka tu kwenye maji ya magotini, upepo ukakijaza. Mashua ikalala ubavu, maji yakaingia.

"Mama, shusha hiyo nguo! Unatupindua!" mwenye mashua akapiga kelele.

Sikushusha. Naapa, niliogopa kuonana na mkwe kuliko kuzama.

"Mwanangu," mzee akasema, bila kugeuka. "Achia."

Hakusema waambie. Alisema mwanangu. Nikaachia, kitenge kikaruka, kikatua majini, kikaenda zake. Mashua ikatulia.

Aliyekuwa hajatulia ni mume wangu. Mwanaume anayebeba gunia la kahawa begani huku anapiga mluzi alikuwa ameinama ukingoni, anarudisha samaki mmoja baada ya mwingine.

"Kukoje?" mzee akamwuliza. Akajibiwa kwa kutapika. Akageuza uso kulia, akageuza kushoto, mikono imeng'ang'ania ubao. "Jamani, kukoje?" Safari hii sauti ilikuwa ndogo. Nilimsubiri mume wangu ainuke, hakuinuka.

"Baba," nikasema. "Maji ni ya bluu. Hapa karibu yetu ni kama kijani. Upande wako wa kushoto kuna milima mirefu, imeshuka mpaka majini."

Akakaza mikono kwenye ubao. Nikajua nimekosea. Kisha akauliza, "Na matanga?"

"Saba, baba. Moja lina kiraka chekundu. Hili letu limeshonwa kwa mifuko ya mbolea."

"Mbolea gani?"

"Ya kukuzia."

Akacheka, mabega yakaruka. "Hata huku!" Akataka nimhesabie ndege, nikamhesabia. Akataka kujua watu ufukweni wanaonekanaje, nikamwambia mama ni kadogo, kamekaa palepale. Sijawahi kusema sana hivyo mbele ya mwanaume wa ukoo ule.

Baadaye akauliza, "Na wewe ukoje?"

"Mimi, baba?"

"Nilipokuwa na macho sikukutazama, kwa heshima. Sasa nakujua kwa hatua tu, na sauti unapogombana na kuku."

Hasira ikanipanda, sikujua ni ya nani: ya desturi, ya kahawa, au yangu mimi niliyepinda kona siku zote ambazo mzee yule aliweza kuona. Machozi yakanitoka. "Mfupi, baba," nikasema. "Mweusi. Nina mwanya."

"Ngoja nikuone basi."

Akageuka taratibu pale kwenye ubao, mguu mmoja, halafu mwingine, mpaka akanielekea. Akainua uso, akafumbua macho sana, akatabasamu, akitazama maji matupu kando ya bega langu. Nikasogea, nikakaa pale alipokuwa anatazama.